Mlango Wazi wa Shairi la Saba

Kazi yangu ni kusema karibu. Nasema kwa Kiingereza, kwa Kiarabu cha kuungaunga, kwa Kichina, na mara moja moja, akitokea Mkenya mwenzangu aliyevaa suti, kwa Kiswahili. Nasimama nyuma ya kaunta ya hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, Doha, saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki, na miguu ikizidi kuniuma nazidi kutabasamu. Zamu ikiisha, basi la wafanyakazi linatupeleka Muaither kwenye nyumba kubwa iliyokatwakatwa vyumba vidogo. Huko hakuna anayemkaribisha mwenzake. Kila mtu ana ufunguo wake.

Kichina nilikisomea chuoni Nairobi, kisha nikapata nafasi ya kukaa miaka miwili katika mji mmoja wa Uchina uliozungukwa na milima. Huko tulifundishwa mashairi ya kale. Wenzangu waliyachukia, walitaka Kichina cha biashara, waje wawe watu. Mimi niliyapenda kwa sababu nimezaliwa Taita, juu kabisa, na mashairi yale yalijaa vitu ninavyovijua tangu utoto: ukungu unaoshuka asubuhi, njia inayopotelea kwenye miti, jiwe lenye maji. Niliporudi nyumbani nilitafsiri mikataba ya kokoto na saruji ya mradi mmoja wa Wachina hadi mradi ukaisha, na baada ya mradi kuisha ikabaki Doha. Doha haina mlima. Kuna vilima vya kutengeneza kwenye bustani za watu kupumzikia, vimepandwa nyasi, watoto wanabingirika juu yake. Mara ya kwanza kuviona nilicheka, halafu nikaona uchungu.

Mzee nilimjua kwa sababu ya lifti. Aliishi ghorofa ya sita, upande wa wageni wa muda mrefu, na mwanawe ambaye ni injinia na mjukuu wake wa kike. Asubuhi moja ya Februari nilimkuta amesimama mbele ya lifti na kadi yake mkononi, akingoja mtu aje amfungulie. Nikamwambia kwa Kichina, Babu, gusisha kadi hapo chini, usiichomeke. Kwa Kichina mzee wa umri ule unamwita babu hata kama hamna udugu, sawa na kwetu. Alinitazama kana kwamba lifti yenyewe ndiyo iliyosema. Tangu siku hiyo alishuka kila asubuhi kunisalimia, akikuta foleni anapanga foleni kama wageni wengine, na akifika mbele ananiuliza nimekula nini.

Wiki ya tatu alikuja na bahasha kubwa. Ndani mlikuwa na nakala za fotokopi za picha kumi na mbili ndogo, za ukubwa wa sinia ya chai. Zilikuwa za marehemu mkewe. Yule mama alifundisha kemia katika shule ya sekondari, na Jumapili alichora milima kwa wino mweusi, na pembeni mwa kila mlima akaandika shairi lake mwenyewe kwa mtindo wa kale: mistari minne, maneno matano kwa kila mstari, basi. Alifariki mjukuu akiwa na miaka mitatu. Sasa mjukuu ana kumi na minane, amekulia Doha, amesoma shule ya Kiingereza, na Kichina chake kinaishia jikoni. Mwisho wa Agosti angeondoka kwenda chuo kikuu, mbali.

"Huyu mtoto bibi yake anamjua kwa picha ya pasipoti tu," mzee akaniambia. "Nataka aondoke naye. Yumo humu, kwenye mashairi haya. Nitafsirie kwa Kiingereza, yeye asome."

Nilikubali kabla hajamaliza. Ningependa kusema ni huruma, lakini ukweli ni kwamba tangu nifike Doha hakuna mtu aliyekuwa ameniomba kitu ninachokiweza vizuri.

Wafanyakazi haturuhusiwi kuketi na wageni hotelini, kwa hiyo tulikutana siku yangu ya mapumziko, Jumanne saa nne asubuhi, kwenye kibanda cha karaki, ile chai nzito ya maziwa na iliki, nyuma ya hoteli. Kilikuwa na meza tatu za plastiki na kiyoyozi kinachodondosha maji. Mzee alifika daima kabla yangu, amechagua kiti kisichodondoshewa, na hicho akaniachia mimi.

Kiingereza hakukijua. Mtu mwingine angeniamini tu, au angemtafuta wa kunikagua. Yeye alibuni njia yake. Nikishatafsiri shairi, alifunika picha ya mkewe kwa gazeti, akanipa penseli na karatasi, akasema: "Sahau Kichina. Soma Kiingereza chako, halafu chora kile tu ulichokiandika." Nikimaliza, alifunua picha na kuweka michoro miwili kando kwa kando. Kilichotofautiana ndicho nilichokosea.

Mimi si mchoraji. Milima yangu ilifanana na mandazi. Lakini njia ile ilikuwa kali kuliko mwalimu yeyote aliyepata kunisahihisha.

Shairi la kwanza lilikuwa na mlima na ndege. Nilikuwa nimeandika, kwa Kiingereza nilichokionea fahari, kwamba mlima unachomoza kutoka kwenye ukungu na ndege mpweke anapita juu yake. Nikachora hivyo. Mzee akafunua. Katika picha ya mkewe kilikuwapo kilele tu, kimeelea. Chini yake karatasi tupu, haikuguswa hata kwa nukta, na hapo ndipo ulipo ukungu. Ndege alikuwa chini kabisa kwenye kona, mdogo kama mbegu ya ufuta.

"Mlima wako una miguu," akasema. "Na ndege wako ameshapita. Wa mke wangu hajafika bado. Halafu nani kakwambia ni mpweke?"

Nikajibu kwamba ndege yuko mmoja.

"Mmoja ni hesabu," akasema. "Si ugonjwa."

Niliudhika, nikanywa chai yangu. Lakini nyumbani, nilipolifuta lile neno "mpweke" na kumrudisha ndege chini, shairi lilipumua. Nikaelewa kazi niliyopewa. Yule mama alikuwa amejenga kila shairi jinsi jicho linavyotembea, mbali kwanza, karibu baadaye, na katikati akaacha pengo ambalo msomaji anavuka mwenyewe. Kiingereza changu kilikuwa na tabia ya mwenyeji asiyetulia, kila pengo kinalijazia kiti. Nilitakiwa kuondoa viti.

Shairi la nne lilinitesa kwa ajili ya rangi. Kichina cha kale kina neno moja linalobeba kijani cha jani bichi, buluu ya mlima wa mbali, hata weusi wa nywele za kijana. Mama wa watu amelitia kwenye mlima, na picha yenyewe ni wino mweusi mtupu, haikusaidii. Nikachagua kijani. Siku ya kuchora nilikuja na kalamu ya kijani ya pale kaunta, nikaupaka mlima mzima. Mzee akaangalia sana.

"Mlima huu uko umbali gani?" akauliza.

"Mbali. Mwendo wa siku nzima."

"Na bado unaona majani?"

Nikakumbuka nyumbani, vilima vya Taita unavyoviona ukiwa kwenye barabara kuu kule tambarare: vyote samawati, hata msitu. Nilivitazama hivyo miaka yote ya shule, nikirudi likizo, na nilikuwa nimesahau. Nikaandika samawati. Nilipomweleza kwa Kichina alitikisa kichwa kukubali, akamwagiza mwenye kibanda atuletee chai nyingine.

Nakiri hizo Jumanne ndizo zilizonibeba. Siku nyingine zote nilikuwa sista, madamu, hallo. Jumanne nilikuwa mtu anayeulizwa mlima uko umbali gani. Mwenzangu wa chumba, Mkenya wa Kitale anayetunza wagonjwa majumbani, alinishangaa akinikuta kitandani na penseli.

"Aki wewe," alisema. "Off ndio hii, na wewe uko hapa unachora milima kama mtoi wa nursery. Si ulisema ni job ya kuandika?"

"Ni ya kuandika."

"Sasa penseli ni ya nini? Haya, sogea, unitengenezee pia mimi nyumba. Uweke na gari."

Nikamchorea nyumba na gari. Gari lilifanana na kiatu, tukacheka hadi wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Mwezi wa Juni mwenzangu huyo alipata mwajiri mpya, akahamia Al Wukair. Ni mwendo usiofika saa moja, lakini zamu zetu hazikukutana, na ilikuwa kama amerudi Kenya. Kitanda chake kilibaki na godoro lililovuliwa shuka. Joto lilikuwa limeanza lile la kumfungia mtu ndani. Nikiagiza chakula, mletaji anakiacha sakafuni, ananitumia ujumbe, na nikifungua nakuta mfuko tu. Siku moja nilijikuta nahesabu: siku tisa, na hakuna mkono wa mtu uliogusa mlango wangu. Wiki hiyo ndiyo nilipofikia shairi la saba.

Kwa Kiswahili cha kawaida ni hivi. Mlima baada ya mvua. Njia inaishia mlangoni. Mlango wazi, kizingiti kimeota ule ukijani wa mawe mabichi. Wingu linaingia, linatoka.

Hakuna kingine. Katika picha, mlango ni mistari mitatu tu ya wino.

Nilikaa na shairi hilo siku saba na halikunipa usingizi. Kwetu mtu haupiti mlango ulio wazi hivi hivi. Unasimama, unapiga hodi. Usipojibiwa unapiga ya pili, ukae kidogo, kisha ya tatu, na ukikosa jibu unaondoka. Hata mtoto anajua. Na nyumba iliyo wazi, kizingiti kimeota ukijani, wala hakuna aliyepiga hodi, hiyo si mandhari. Huo ni msiba. Ningeiachaje nyumba ya watu hivyo, mawingu yanaingia na kutoka kama kwao?

Basi nikaongeza. Kati ya mstari wa tatu na wa nne nikatia maneno machache ya Kiingereza, mtu anaita kutoka njiani, anauliza kama wenyewe wapo. Nilijiambia ni kwa ajili ya msomaji wa Kiingereza. Nilijiambia hodi imo tayari ndani ya mlango wazi, mimi nimeitoa tu nje. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja.

Jumanne mzee akafunika picha. Nikachora mlima, njia, mistari mitatu ya mlango, kizingiti, wingu. Akafunua. Vililingana kuliko siku zote. Mzee alipiga meza kwa kiganja, kidogo, kwa furaha.

"Leo hukukosea kitu," akasema.

Sauti haichoreki. Nililijua hilo nilipokuwa nashika penseli, na sikusema.

Mashairi matano yaliyobaki yalikwenda vizuri. Nilikuwa nikimtumia mjukuu kila shairi kwa simu likiisha, kama alivyoagiza babu yake, na yeye alinijibu kwa dole gumba. Mapema Agosti, mzee alimleta kibandani. Binti mrefu, mpole, mwenye vidude vya muziki masikioni. Alipoketi alivivua akavitia mfukoni, na nikampenda kwa hilo. Tulikuwa tumepanga kijitabu kichapwe kwenye duka la uchapaji hapo mtaani wiki ya pili, yeye asafiri Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Mzee alitaka ajue ni shairi gani amelipenda.

Binti hakufungua simu. Alilisema la saba kwa kichwa, kwa Kiingereza, taratibu, na alipofika pale mtu anapoita sauti yake ikabadilika. Macho yalimjaa machozi.

"Hapo," akaniambia. "Nimejaribu maisha yangu yote kufikiria sauti ya bibi, nimeshindwa. Sasa nimeisikia. Bibi anaita pale, eh, anti? Ni yeye anayeita?"

Mzee akanishika mkono wa shati. "Anasema nini?"

Mimi pekee ndiye niliyeweza kuwavusha. Babu na mjukuu wake wanapendana na hawana lugha ya kuzungumza jambo zito, na wote wawili walikuwa wananitazama mimi. Niliona aibu.

"Anasema amependa la saba," nikamwambia mzee. "Kuliko yote."

Na kwa binti nikatingisha kichwa tu, namna ambayo mtu anaweza kuisoma apendavyo. Akaisoma kuwa ndiyo.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga wamesema, lakini ile yangu ilinichukua wiki nzima kuitembea. Kaunta nilikosea vyumba vya wageni. Nyumbani nilitoa nakala zangu zote kumi na mbili, nikazitandaza kwenye godoro tupu la mwenzangu, nikazisoma upya moja baada ya nyingine, nikaona kitu ambacho ningepaswa kukiona tangu Machi. Hamna sauti. Hata moja. Maji yamo, hayalii. Ndege yumo, halii. Mvua imeshanyesha kabla shairi halijaanza. Na watu hawamo. Katika picha za namna ile, za kale, kwa kawaida utakuta mtu mdogo mahali fulani, na fimbo yake darajani, au amekaa kwenye mashua, ili jicho lipate pa kupumzika. Mama huyu hakumweka mtu popote. Milima yote kumi na mbili ni kimya chake mwenyewe, alikitaka hivyo. Nami nimempeleka mjukuu wake akasikie humo sauti, na sauti ni yangu.

Jumanne iliyofuata, siku mbili kabla ya kuchapa, nilimwambia. Nilimweleza kwa Kichina neno kwa neno nilichoongeza, na kwamba nilijua sauti haichoreki, na nikamweleza kile ambacho mjukuu wake alikisema hasa. Sikuomba msamaha katikati. Niliona nikianza nitalia, na kilio kingegeuza habari iwe yangu.

Mzee alikoroga chai yake ambayo haikuwa na kitu cha kukoroga.

"Nilipokuwa natoka kiwandani," akasema mwishowe, "Jumapili, maana Jumapili nyingine nilikuwa na zamu, nilikuta mlango wazi na yeye anachora. Hageuki. Mimi nasimama kizingitini hadi amalize mlima. Nikimaliza kusubiri naingia, namsagia wino wa picha nyingine, ule wa kijiti unaosagwa jiweni kwa maji. Miaka arobaini nimesaga wino. Siku moja nikamwambia, tia mtu mmoja mdogo, wachoraji wote hutia. Akasema hapana, atanisumbua."

Akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Mimi nilidhani nitajiona humo siku moja. Kila picha mpya naangalia njiani, naangalia chini ya miti. Sikujiona. Lakini ndivyo alivyokuwa, na nilimpenda hivyo. Mke wangu hakuita mtu. Mtoto akiondoka na bibi anayeita, ataondoka na bibi wa mtu mwingine. Toa."

"Nitatoa leo."

"Na wewe ndiye utakayemwambia. Wewe ndiye uliyeandika."

Nikasema sawa. Nilidhani ataondoka, lakini aliketi. Akaniuliza huko kwetu mtu akifika mlangoni anasema neno gani hasa. Nikamwambia: hodi. Akalijaribu mara kadhaa. Likatoka na meno mengi.

"Na wa ndani anajibu nini?"

"Karibu."

"Lile unalosema kaunta."

"Lile lile."

"Na asipojibiwa?"

"Anarudia. Mara tatu. Halafu anaenda zake."

"Mara tatu tu?" akasema. Alionekana ameona ni haraka mno.

Jioni hiyo nilimsubiri binti nje ya lango la pembeni la hoteli, ambako hakuna kamera ya meneja. Nilimwambia bila kuzunguka. Nilimpa karatasi yenye shairi la saba jinsi lilivyo, mistari minne, bila mtu. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena.

"Kwa hiyo hakuita," akasema.

"Hakuita."

"Basi anayeita ni nani?"

"Mimi."

Hakukasirika, na ningependelea akasirike. Alinitazama kwa udadisi wa kweli, kama anayeniona mara ya kwanza bila sare ya kazi.

"Ulikuwa unamwita nani, anti?"

Nilitafuta jibu, naapa nilitafuta, nikiwa nimesimama pale kwenye joto la kuchemsha, na hakuna uso hata mmoja uliokuja. Nikamwambia sijui. Akakunja karatasi mara mbili, akasema asante, akapanda juu.

Kijitabu kilichapwa kama kilivyotakiwa kuwa. Binti aliondoka nacho Jumamosi. Baadaye aliniandikia mara moja tu, kwamba shairi jipya la saba lilimchukua muda, kwamba chumba chake huko kina dirisha linalotazama ukuta, na kwamba sasa ameanza kumwelewa bibi yake kidogo: mtu aliyeweza kukaa ndani ya mlango wazi bila kuhitaji mtu apite. Alisema hajui kama yeye ni wa aina hiyo. Nami sikumjibu kwamba mimi siye, alikuwa ameshajua.

Mzee alirudi kwao Septemba. Bila mjukuu hakuwa na la kufanya Doha. Nilikuwa zamu alipoteremka na sanduku, mwanawe akimwendea mbio na simu sikioni. Kwenye kaunta hatukumbatii wageni. Nikamtakia safari njema kwa Kichina sanifu, kama anavyotakiwa mgeni yeyote, naye akanisukumia bahasha ya kaki.

"Karatasi zako za kazi," akasema. "Nilizichukua siku ile ya hodi, kwa bahati mbaya."

Akaondoka. Nikaipokea familia ya watu watano iliyokuwa nyuma yake.

Bahasha niliifungua nyumbani. Zilikuwa fotokopi zangu zote, na alama zangu za penseli pembeni, duara na mishale. Nikazipitia bila haraka. Kwenye ya saba, chini ya mlango, katika ile sehemu nyeupe isiyoguswa ambayo ni njia, kulikuwa na mtu. Amechorwa kwa brashi na wino halisi. Karatasi ya fotokopi haipokei wino vizuri, basi amevujavuja kingo. Kichwa kikubwa, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, mgongo kwangu. Amesimama anautazama mlango. Mzee aliyesaga wino miaka arobaini na hakuwahi kushika brashi alikuwa ameishika.

Nikamtumia ujumbe: Babu, huyu ni nani? Jibu lilikuja kesho yake, wakati nasubiri basi.

"Sauti haichoreki," aliandika, "kwa hiyo nimemchora mwenye nayo. Sijui kama ni wewe au ni mimi, mkono wangu ni mbaya. Ila huyu hajui kuhesabu mpaka tatu."

Nimembandika ukutani juu ya godoro la mwenzangu, ambalo mpaka leo halijapata mtu. Asubuhi nikienda kazini namwacha amesimama, jioni nikirudi namkuta pale pale. Juzi, nikiwa nimevua viatu tu, nilimwambia karibu. Sikuwa nimemwambia mtu neno hilo bila kulipwa tangu mwenzangu ahame. Halafu nikawasha jiko, nikapima unga, nikasonga ugali wa mtu mmoja.